Nyumbu, Mpishi na Muuguzi

Ukitaka kumweleza mtu wa Bunda kipimo cha kingamwili, usianzie hospitalini. Anzia lango la Ndabaka, pale barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma inapopita ubavuni mwa Serengeti, umpe habari za nyumbu. Sotoka iliingia nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu, na kwa miongo iliyofuata haikuondoka. Iliendelea kuua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Ilipofika miaka ya 1960, Walter Plowright na wenzake wa Muguga, nchini Kenya, walikuwa wamepata chanjo bora ya ng'ombe, na mifugo iliyozunguka hifadhi ikachanjwa. Nyumbu hakuna aliyewagusa. Kisha watafiti wakasoma damu ya nyumbu wa rika mbalimbali. Waliozaliwa kabla ya 1963 walikuwa na kingamwili za sotoka. Waliozaliwa baadaye hawakuwa nazo. Ugonjwa ulikuwa umehama kundini na hakuna aliyeuona ukihama. Kundi lililokuwa na nyumbu kama 250,000 likafikia 1,300,000 ilipofika 1977.

Nimeanza na wanyama kwa makusudi, maana kwao jambo linaonekana likiwa limevuliwa hofu na siasa. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na kirusi au bakteria, na baadhi hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mvamizi kuondoka. Kwa hiyo kipimo chake hakiulizi kama unaumwa leo. Kinauliza umepitia nini. Kwa nyumbu, jibu la swali hilo lilikuwa mali ya kundi na ya watafiti. Nyumbu mmoja mmoja hakuwa na haja nalo, wala hakuna aliyefikiria kumpelekea. Mwaka 1994 distempa ya mbwa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na hapo pia damu ya simba na ya mbwa wa vijijini ilisomwa kwa namna hiyo hiyo. Tuhuma zikaangukia mbwa, na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wakaanza kuchanjwa. Simba hakupewa cheti.

Ilipokuja korona mwaka 2020, kipimo hicho kikageuzwa kuelekea kwa wafanyakazi wa hospitali, duniani kote, kuanzia Birmingham hadi Bukavu. Ninachotaka kukilinganisha hapa ni desturi nne za kukitumia, na ninazipima kwa swali moja: jibu likishatoka, ni la nani? Ninaangalia kutoka Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu desturi tatu kati ya hizo zimepita hapa au jirani kabisa, na ya nne ilikuwa na kila sababu ya kufika.

Watu wa Mara walijifunza kipimo cha kingamwili kwa njia tofauti na ya nyumbu, tena kwa hofu. Kipimo cha UKIMWI kilichoenea katika zahanati zetu na vituo vya upimaji wa hiari vya Angaza, kile cha tone la damu ya kidole, hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili dhidi yake. Ndiyo maana mshauri nasaha humwambia mtu arudi baada ya muda fulani: mwili huenda haujatengeneza za kutosha kuonekana. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa ukiwa Musoma. Julai 14, 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji wa hiari, na tangu hapo sidhani kama kuna mtu mzima wa Bunda asiyejua kaseti ile ndogo ya plastiki na mistari yake miwili.

Desturi hiyo, ya pili baada ya ile ya nyumbu, ilijengwa kwa jasho na ina adabu zake. Jibu ni la mpimwaji peke yake. Anashauriwa kabla, anashauriwa baada, mlango unafungwa, faili halizungumzwi kwenye korido. Na maana ya jibu ni moja: kingamwili zikionekana, kirusi bado kimo mwilini na kitakaa humo maisha yote. Sasa mchukue muuguzi wa Musoma aliyetumia miaka ya kazi yake akiwaeleza watu hivyo, umwambie kwamba kingamwili za korona katika damu yake ni dalili kuwa ugonjwa ulipita, na pengine zimemwachia kinga kidogo. Kipimo ni cha ukoo mmoja na kile, hata kaseti zinafanana, lakini habari imepinduka kichwa chini miguu juu. Aliyezoea kuficha jibu la namna hii atalificha tu, hata pale ambapo kulisema kungewasaidia wenzake wa zamu. Mimi nisingemlaumu.

Desturi ya tatu haina maabara. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, wazee wa Kiacholi walikuwa na utaratibu wao wa kukabili janga wanaloliita gemo, pepo linaloingia kwa ghafla kama upepo na kuchukua watu wengi kwa mpigo. Mwanaanthropolojia Barry Hewlett na Richard Amola waliuandika utaratibu huo baadaye. Mgonjwa anatengwa kwenye nyumba iliyo mbali na nyingine. Mabua mawili marefu ya matete yanasimamishwa mlangoni, moja kila upande, ili mpita njia ajue. Ngoma zinasimama, safari zinapunguzwa, watu wanaaswa wasigombane. Aliyepona anabaki peke yake mpaka mwezi mwandamo mmoja utimie. Na kuna kanuni mbili ambazo zinagusa mada yetu moja kwa moja: anayemlisha na kumhudumia mgonjwa awe mtu aliyewahi kuugua akapona, na anayezika awe ama huyo aliyepona, ama mtu aliyehudumia wagonjwa kadhaa bila yeye kuugua.

Isome tena hiyo ya mwisho. Mtu aliyehudumia wagonjwa kadhaa bila kuugua. Hapo wazee wamefanya kazi ya maabara kwa macho na kumbukumbu: wameona kwamba mwili uliokaa karibu na ugonjwa na bado umesimama umethibitisha jambo, hata kama mwenyewe hakulala kitandani. Waathene wa mwaka 430 kabla ya Kristo waliligundua nusu yake. Thucydides, ambaye naye aliugua tauni ile akapona, aliandika kwamba waliopona ndio waliowahurumia wagonjwa zaidi, kwa kuwa walijua hawataugua tena kwa kiasi cha kufa. Ila Athene ilibaki ni huruma ya mtu binafsi. Kwa Waacholi ilikuwa kanuni, na mtu alipangiwa kazi.

Kwa hiyo katika desturi ya gemo jibu ni la kijiji. Halifichwi, na saa hiyo hiyo linageuka kuwa jukumu. Wajaluo wa Rorya, kaskazini tu mwa Musoma, wanazungumza lugha iliyo ndugu na Kiacholi. Sidai kwamba wana utaratibu ule ule, lakini wazo lenyewe halitawashangaza. Halikuwashangaza Wakongo pia. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, uliougusa zaidi ya watu 3,400 na kuua zaidi ya 2,200, waliopona Beni na Butembo waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa katika vituo vya matibabu. Waliwabeba na kuwabembeleza watoto ambao mtu mwingine yeyote angewakaribia akiwa amejifunika mavazi ya kinga toka utosini hadi unyayoni.

Upande wa pili wa Gulu hauna budi kusemwa. Katika hospitali ya Lacor, Dk. Matthew Lukwiya na wauguzi wake hawakuwa watu waliopona. Walikuwa na kiapo cha kazi tu. Lukwiya alifariki Desemba 5, 2000, na wenzake zaidi ya 10 wa hospitali hiyo walikufa katika mlipuko huo huo. Kijiji kilikuwa na kanuni ya nani aingie kwa mgonjwa, na hospitali ilikuwa na ratiba ya zamu. Tofauti hiyo imenikaa kichwani kuliko takwimu yoyote ninayoifuatisha hapa chini.

Sasa tuje kwenye desturi ya nne, ya mwaka 2020, pale hospitali zilipojipima zenyewe. Birmingham, mwishoni mwa Aprili, walipima wafanyakazi 516 waliokuwa kazini bila dalili. Karibu robo yao walikuwa na kingamwili. Mtu angetarajia wodi ya wagonjwa mahututi iongoze, pale penye mashine za kupumulia. Wodi hiyo ilikuwa karibu mkiani, kwenye asilimia 14.8. Walioongoza walikuwa watu wa usafi, asilimia 34.5. Oxford wakapima karibu wafanyakazi 10,000 na hadithi ikajirudia: wasukuma machela na wasafishaji asilimia 18.6, wahudumu wa mahututi asilimia 9.9. Wa mahututi walikuwa na barakoa nzito, gauni, mafunzo, na mtu wa kuwasimamia wanapovaa na wanapovua. Wa usafi walikuwa na ndoo na barakoa nyepesi, na nyumbani wengi waliishi kwa kubanana kuliko daktari bingwa, jambo ambalo nalo lina sehemu yake katika tarakimu hizo.

Kenya ilitoa picha nyingine. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, Kilifi, walikuwa tayari wamewapima wachangia damu wa nchi nzima kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakapata makadirio ya asilimia 4.3, wakati takwimu za serikali zilionyesha ugonjwa mdogo sana. Kisha, kati ya Julai na Desemba mwaka huo, wakapima wahudumu wa afya 684 wa kaunti tatu. Nairobi ilikuwa karibu asilimia 44. Kilifi na Busia, zote za mashambani, zilikuwa kati ya 11 na 13. Kada ya kazi haikuleta tofauti kubwa. Daktari, muuguzi na mfanyakazi asiye wa tiba walikaribiana. Kilichotofautisha ni mahali. Blantyre, Malawi, wafanyakazi 500 wa hospitali ya Queen Elizabeth walipimwa Mei na Juni, na baada ya marekebisho ya kitaalamu ikawa asilimia 12.3. Na Bukavu, katika hospitali ya Panzi ya Dk. Denis Mukwege, wafanyakazi 359 walipimwa katikati ya mwaka na takriban 41 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili. Mukwege alikuwa amejiuzulu Juni 2020 kutoka kamati ya korona ya Kivu Kusini, akilalamika pamoja na mengine kwamba sampuli zilipelekwa Kinshasa na majibu yakachukua zaidi ya wiki mbili kurudi. Kingamwili za wafanyakazi wake zilieleza kilichotokea wakati majibu yakisubiriwa.

Ukizisoma tarakimu hizo kwa macho ya nyumbu, unapata ramani ya ugonjwa. Ukizisoma kwa macho ya Angaza, unapata siri 359 za watu wa Panzi. Mimi nazisoma kwa namna ambayo wenye hospitali hawaipendi: Birmingham na Oxford, kipimo kilichokusudiwa kuonyesha nani ana kinga kilionyesha nani aliachwa wazi. Hakuna mahali mkataba wa kazi unaandika kwamba mfagizi atapewa kinga pungufu ya daktari. Damu iliuandika.

Mara ina sura zote mbili, ya Busia na ya Birmingham. Busia ni ya mashambani, iko mpakani, karibu na ziwa lile lile. Malori yanayotoka Mwanza hupita Bunda, hupita Makutano, hukwea hadi Tarime na kutokea Sirari, na Mei 2020 madereva wa njia kama hizo ndio waliogombaniwa na Kenya na Tanzania kuhusu nani ana korona na nani kapimwa na nani. Kwa hesabu ya mahali, basi, ungetarajia tarakimu ndogo Butiama na kubwa zaidi kando ya barabara kuu. Ila ndani ya kila hospitali kuna Birmingham yake. Bunda kuna hospitali teule ya Kanisa Anglikana. Musoma kuna hospitali ya mkoa, na ya Kwangwa inayobeba jina la Mwalimu Nyerere, ambayo ujenzi wake ulikwama kwa miongo. Butiama ni wilaya iliyoundwa mwaka 2012, na huko mtu huanzia zahanati, ambako muuguzi mmoja anaweza kuwa ndiye mpokeaji, mkunga, mtoa dawa na mfagizi kwa siku moja. Zahanati kama hiyo huwezi kuigawa kwa kada hata ukitaka.

Siasa ya mwaka ule inajulikana, naipita upesi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa na Waziri Ummy Mwalimu Machi 16, 2020. Sampuli za mikoani zilisafirishwa hadi maabara ya taifa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ukitokea Musoma. Mei 3, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Kesho yake mkuu wa maabara akasimamishwa, na takwimu za taifa zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Kilichofuata katika wodi kiliitwa changamoto ya upumuaji. Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, alisema mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili. Mtu anayezijua hospitali za misheni za Kanda ya Ziwa anajua masista hufanya kazi gani humo.

Papai lile lilivunja imani katika kipimo cha kirusi, kile cha pamba puani. Kipimo cha kingamwili hakikuwa kimetuhumiwa, na kwa nchi isiyotangaza wagonjwa kilikuwa ndicho cha thamani zaidi, kwa sababu hakihitaji kumkamata mgonjwa siku anayoumwa. Unaweza kukosa kupima Mei, Juni na Julai, ukaja Agosti ukaisoma Mei. Kwa muuguzi aliyekuwa amejifukiza nyungu wiki mbili na kurudi kazini bila jina la ugonjwa wake, hilo lingekuwa jina. Muda wenyewe wa kukitumia hivyo haukuwa mrefu. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, na wahudumu wa afya wakawa miongoni mwa wa kwanza kwenye foleni. Chanjo hiyo hufundisha mwili kutambua miiba ya kirusi peke yake, kwa hiyo aliyeugua bado angeweza kutofautishwa na aliyechanjwa kwa kutafuta kingamwili dhidi ya sehemu ya ndani ya kirusi. Ilipoingia Sinopharm, iliyotengenezwa kwa kirusi kizima kilichouawa, hata mlango huo ukaanza kufungwa.

Nieleze na udhaifu wa kipimo chenyewe, maana waliokitukuza mwaka 2020 waliukimbia mno. Uko wa aina mbili, na mmoja una harufu ya ziwa letu. Watafiti walipopima damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya korona kutoka Tanzania na Zambia, waligundua kuwa sehemu kubwa yake, kuliko damu ya Wamarekani, ilijibu kana kwamba imekutana na kirusi hiki. Huenda ni korona nyingine za mafua ya kawaida. Tafiti za Afrika Magharibi zikaitaja malaria pia. Mkoa wa Mara hauna uhaba wa malaria. Ukinunua kaseti iliyopimwa uhakika wake kwa damu ya watu wa Ulaya na kuileta Bunda, utawaambia watu wamepona ugonjwa ambao hawajaugua. Kilifi walilikwepa shimo hilo kwa sababu walikuwa na friji lenye damu ya wenyeji ya miaka ya nyuma, wakaipima kwanza hiyo. Ni jambo la friji, umeme na subira, na ndilo linalotenganisha utafiti na kubahatisha.

Udhaifu wa pili uligunduliwa mahali ambapo Butiama inapajua. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alifariki Oktoba 14, 1999 katika hospitali ya St Thomas', London. Mwaka 2020, damu ya wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali hiyo na jirani yake, Guy's, ilifuatiliwa kwa miezi mitatu, ikaonekana kwamba kingamwili zenye nguvu ya kuzuia kirusi hupanda kisha hushuka, na kwa walioumwa kidogo hushuka hadi karibu kutoweka. Kwa hiyo asiyeonekana na kingamwili hajasema kwamba hakuugua. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa SIREN, ulioanza Juni 2020 na kuwafuatilia maelfu ya wafanyakazi wa hospitali kwa vipimo vya mara kwa mara, ulionyesha upande wa pili: aliyewahi kuambukizwa alikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 84 ya kuambukizwa tena katika miezi iliyofuata. Wazee wa Gulu wangetikisa kichwa kukubali. Kisha kirusi kikabadilika sura, na tarakimu ile ikaanza kuchakaa.

Kabla ya hayo yote kujulikana, Aprili 24, 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limezionya serikali zisitoe hati za kinga kwa waliopona. Onyo lilikuwa la kisayansi, lakini historia ilikuwa na sababu nzito zaidi. Mwanahistoria Kathryn Olivarius ameonyesha jinsi New Orleans ya karne ya 19 ilivyogeuza homa ya manjano kuwa mtaji. Mhamiaji asiyewahi kuugua akapona alinyimwa kazi, hivyo maskini walikuwa na sababu ya kuutafuta ugonjwa. Mtumwa aliyepona aliuzwa kwa bei ya juu, na faida ya kinga yake ikaenda kwa mwenye mali. Huko jibu lilikuwa la mwajiri. Nakiri kwamba kanuni ya gemo ina kivuli cha hatari hiyo hiyo: mzee anayeweza kukupangia umhudumie mgonjwa kwa sababu umepona, ana binamu yake katika meneja anayekupangia wodi ya korona bila barakoa kwa sababu kaseti yako ilionyesha mistari miwili. Kinachowatenganisha ni kwamba mzee wa Kiacholi aliishi kijiji kile kile, akizika kwenye ardhi ile ile.

Nani basi angehesabiwa Mara kama mfanyakazi wa hospitali? Hapa namkumbuka Ali Maow Maalin wa Merca, pwani ya Somalia. Mwaka 1977 alikuwa mpishi wa hospitali. Wafanyakazi wote wa hospitali walitakiwa wawe wamechanjwa ndui, lakini yeye aliiogopa sindano akaikwepa. Oktoba 12 aliwasindikiza watoto wawili wenye ndui waliokuwa wakipelekwa kambi ya kutengwa, safari ya dakika chache tu garini. Siku 10 baadaye akashikwa na homa. Wakasema malaria, upele ulipotoka wakasema tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Zama zile kinga haikuhitaji maabara, kwa kuwa chanjo ya ndui huacha kovu begani na mtu yeyote anaweza kuliona. Hakuna aliyelitafuta begani kwa mpishi. Miaka ya baadaye Maalin alizunguka Somalia akihimiza chanjo ya polio, na alifariki kwa malaria Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Mpishi wa Merca angalau alikuwa kwenye orodha ya waajiriwa. Katika wodi za Musoma na Bunda kazi nyingi ya uuguzi hufanywa na watu wasiokuwa kwenye orodha yoyote: mama mkubwa aliyetoka kijijini na chupa ya chai na kanga mbili, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayefua mashuka, anayelala chini ya kitanda. Hospitali za Uingereza ziliwafungia ndugu nje Machi 2020, kwa hiyo hesabu yao ya wafanyakazi ilikuwa karibu na hesabu ya watu waliomgusa mgonjwa. Kwetu hesabu hizo mbili zimeachana mbali sana. Kuna na mlinzi wa getini, dereva wa bodaboda aliyembeba mgonjwa akiwa amemwegemea mgongoni, na wafagizi wa kampuni ya nje ambao mishahara yao haipiti kwa mganga mkuu. Ukipima wenye vitambulisho peke yao, utapata takwimu safi ya kundi ambalo halipo.

Nikiulizwa nani apewe jibu, nachukua kidogo kwa kila desturi. Kwa Angaza nachukua bahasha: jibu la mtu ni lake, kwa mlango uliofungwa, na msimamizi wa zamu halioni. Kwa nyumbu nachukua kundi: asilimia ya kila kada na kila jengo, iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hospitali pamoja na tarehe ya kupimwa, mahali ambapo mfagizi ataisoma siku moja na daktari mfawidhi. Kwa gemo nachukua hiari iliyo wazi: aliyepona na anayetaka kuingia kwa wagonjwa aingie, kwa posho iliyotajwa na kwa vifaa vile vile wanavyopewa wengine. Na ikiwa ubao huo utaonyesha kwamba watu wa usafi wameongoza, kama Birmingham, swali linalofuata halirudi maabara. Linakwenda kwa aliyesaini mkataba wa kampuni ya usafi, aonyeshe ni kifungu gani kilichotaja glavu na barakoa, na ni nani aliyekagua kama zilifika.